Mama Faili na Databesi Isiyojua Kukabidhi

Saa kumi na moja alfajiri, mlinzi wa lango la nyuma la hospitali anafungua mlango mdogo kabla hajaombwa. Anamjua huyu mama kwa mwendo wake tu. Viatu vya raba, chupa ya chai kwapani, na sweta zito mkononi. Nje hakuna baridi hata ya kusingizia, lakini yeye anatembea na sweta kama mtu anayekwenda kupanda mlima.

"Mama Faili, wagonjwa wako wameamka?" mlinzi anamtania.

"Wangu hawalali, baba. Ndiyo maana na mimi silali."

Anapita korido ndefu, anapita chumba cha kufulia mashuka, anafika mlango wa mwisho kabisa. Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya magodoro, na ukivuta pumzi vizuri bado utasikia harufu ya magodoro. Sasa kuna kabati la chuma, ndani yake mashine nyeusi zenye vitaa vya kijani, na juu kiyoyozi kinanguruma kama mzee aliyelala chali. Hapo ndipo sweta linapovaliwa. Anakaa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, anamimina chai, anasubiri.

Anasubiri majibu ya maabara. Watu wa maabara wanapima damu na mkojo na makohozi, na kila walichopima kinaingia kwenye databesi. Databesi ni ile programu kubwa inayokaa ndani ya mashine na kutunza kumbukumbu zote za hospitali, kama mtunza stoo asiyesahau hata sindano moja. Maabara wakisema wamemaliza, databesi inayatoa majibu na kuyaandika, kila mgonjwa na faili lake.

Halafu kuna programu nyingine kabisa, manesi wanaiita Msomaji. Yeye kazi yake ni kuyachukua mafaili yale na kuyaonyesha kwenye skrini za wodini, ili daktari akipita ajue nani wa kuongezewa dawa na nani wa kupunguziwa.

Katikati ya hao wawili ndipo anapokaa Mama Faili.

Sasa hapa twende polepole. Ndani ya mashine zile kila faili lina mwenyewe, jina lake limeandikwa pale. Ni kama nyumba ya wapangaji, kila chumba na mtu wake. Faili likiandikwa na databesi, mwenyewe ni databesi. Msomaji akija, anatazama jina, anaona si lake, anageuka na kwenda zake. Hata ukimwachia mlango wazi haingii. Waliomtengeneza ndivyo walivyomlea, na wenyewe walishafunga ofisi yao zamani, hakuna wa kumpigia simu.

Na databesi nayo, uungwana wote ilionao, haiwezi kusema "chukua, nimekupa." Kwenye mashine za namna ile, mwenye faili hana ruhusa ya kuligawa. Anayeruhusiwa kubadili jina la mwenyewe ni mmoja tu, wanamwita mkubwa wa mashine. Si mtu huyo. Ni jina la kuingilia, lenye neno lake la siri, na anayelijua neno hilo ni mkuu wa kompyuta peke yake. Mama Faili amekatiwa kipande kidogo cha nguvu hizo: anaweza kuchukua faili la databesi na kumpa Msomaji. Kwisha. Kulirudisha hawezi.

Basi kila alfajiri anatazama mpaka databesi imemaliza kuandika, halafu anaandika amri moja fupi. Hili si lako tena, ni la mwenzio. Anabonyeza. Huko wodini skrini zinajaa, manesi wanaanza kuitana.

"Watu wanadhani nafanya mambo makubwa na kompyuta," anasema, akipuliza chai. "Mimi napokea mkono huu, natoa mkono ule. Ila nisipokuwepo, ile mikono haifikiani."

Ni kazi ya dakika chache. Lakini dakika hizo zimekula alfajiri zake kwa miaka saba. Jumapili tu mkuu anamkalia zamu, naye mkuu ana hospitali nyingine ya kuangalia, hawezi kumkalia zaidi.

Mtu atauliza, kwa nini mashine isiwekewe saa, muda ukifika igawe yenyewe? Iliwekewa. Siku moja maabara wakachelewa, saa ikagonga databesi ikiwa katikati ya kuandika, Msomaji akabeba faili nusu. Daktari akaona jibu la kwanza la mgonjwa, la pili hakuliona. Aliyeshtuka ni sista wa wodi ya watoto, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja, akasema haiwezekani mtoto huyu apimwe vitu viwili arudi na kimoja. Tangu hapo mkuu akapiga marufuku saa. Jina halibadilishwi mpaka anayeandika aseme nimemaliza.

Na anayejua kwamba databesi imemaliza ni databesi yenyewe, au mtu aliyekaa anaikodolea macho. Ndiyo maana Mama Faili akaanza kuomba jambo moja, akaliomba miaka: databesi ifundishwe kukabidhi mafaili yenyewe, kutoka ndani yake, ikishamaliza kuandika.

Mkuu wa kompyuta ni mtu mwembamba, mpole, anayefuta miwani kabla ya kusema hapana.

"Nikiipa databesi nguvu za mkubwa," alimwambia, akifuta, "siku mwizi akiingia kwenye databesi ameingia nyumba nzima."

"Na alikuwa anasema kweli," Mama Faili anakiri. "Ningekuwa mimi ndiye mkuu, na mimi ningefuta miwani."

Angeendelea hivyo mpaka kustaafu, kama si mama yake.

Mama yake anaishi kwa kaka yake mkubwa, safari ya basi ya kutwa nzima. Ni bibi sasa, na akili imeanza kumtoka. Lakini inamtoka kwa mtindo wake. Alfajiri akiamka anamjua kila mtu, anauliza habari za wajukuu kwa majina, anagombeza kama zamani. Jua likipanda anaanza kupotea, na jioni hayupo kabisa, kimebaki kiwiliwili kinachotabasamu.

Mama Faili ndiye kitinda mimba. Alfajiri, mama yake akiwa na akili zake, yeye siku zote ila Jumapili macho yako kwenye skrini, hathubutu hata kushika simu. Akitoka kazini na kupiga, amechelewa.

"Jioni ananiita kwa jina la marehemu dada yake," anasema. "Ananiuliza kama mbuzi wamefungwa. Sisi hatujawahi kufuga mbuzi. Namwambia wamefungwa, mama, lala."

Mwaka jana aliruhusiwa siku chache, mkuu akaacha mambo yake akamkalia. Ukitoa za kwenda na za kurudi, alipata alfajiri mbili tu. Ya kwanza mama yake alimshika sikio akasema, "Hili nililitoboa mwenyewe, ukalia mtaa mzima ukatoka." Ya pili walikaa wameshikana mikono tu. Halafu basi.

Miezi michache iliyopita, usiku, kaka yake akapiga simu. Si mtu wa maneno mengi yule.

"Dada, ile alfajiri yake inafupika."

"Inafupika vipi?"

"Zamani alikuwa nasi mpaka chai inaiva, tunakunywa, tunacheka. Siku hizi maji hayajachemka, ameshaondoka."

Mama Faili hakulala kitandani tena siku ile. Alikwenda kazini, akakabidhi mafaili yake kama kawaida, halafu akamsubiri mkuu mlangoni.

"Mkuu, lile ombi langu."

Mkuu akavua miwani.

"Usifute kwanza," akamwambia. "Nisikilize. Ni mama yangu."

Akamweleza yote pale pale koridoni, watu wanapita na ndoo za kupigia deki. Mkuu akasikiliza, miwani mkononi, macho yake bila miwani madogo kama ya mtoto aliyeamshwa.

"Andika," akasema mwishoni. "Nitapitia."

Akaandika. Ilikuwa hivi: databesi ikishamaliza majibu ya wodi, yenyewe kutoka ndani iite amri ya nje, ibadilishe mwenyewe wa folda ya wodi ile na kila kilichomo. Jina la folda inalisoma kwenye kumbukumbu zake. Mkuu akapitia, akaridhia, akaifungulia databesi ruhusa ya kugawa.

Ikafanya kazi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Faili akawa anakaa pale mikono haina la kufanya, akaanza hata kufuma kitambaa cha meza, manesi wakamcheka wakisema serikali inamlipa afume. Akamwambia kaka yake, "Kaa tayari, nakuja."

Sasa sikia lililotokea. Majibu ya wodi zote yalikuwa yanawekwa ndani ya folda moja kubwa, kila wodi na folda yake ndogo. Na humo humo kwenye folda kubwa, pembeni, ndimo databesi ilimokuwa inaweka vitu vyake yenyewe, yale mafaili inayoyahitaji ili ifanye kazi. Hakuna aliyeona ubaya wake, yalikaa hivyo tangu mwanzo.

Siku hiyo wodi ya watoto wachanga haikupeleka kipimo hata kimoja. Heri yao, watoto wazima wote. Hakuna kipimo, hakuna jibu. Hakuna jibu, hakuna folda iliyoandikwa. Databesi ilipokwenda kusoma jina la folda ikakuta pametupu, ikaweka utupu ule ule kwenye amri. Badala ya kusema kagawe kilichomo ndani ya folda kubwa, folda ndogo fulani, ikasema kagawe kilichomo ndani ya folda kubwa. Basi. Mashine haiulizi mara mbili. Ikagawa vyote.

Databesi ikampa Msomaji nyumba nzima, na yenyewe imekaa sebuleni.

Mwanzoni hakuna aliyejua, maana mafaili iliyokuwa imeshayafungua yaliendelea kuwa wazi. Halafu dirisha la dawa wakaomba kumbukumbu ya zamani, databesi ikanyoosha mkono kufungua faili jipya, ikaambiwa hili si lako. Chumba cha kadi wakaomba, ikaambiwa hili si lako. Ikajaribu kujizima na kuwaka upya, ikakataliwa mlangoni kwake mwenyewe. Ikalala pale chini, na skrini za wodini, ambazo majina ya wagonjwa huyauliza kwake, zikazimika.

Simu ikalia. Sista wa wodi ya watoto.

"Mama Faili! Skrini yangu imekufa! Nina mtoto mgonjwa wa sukari wodini, nataka jibu lake."

"Sista, tuma mtu maabara kwa miguu. Wakuandikie kwa mkono."

"Nimeshafika mwenyewe maabara, mwanangu, napigia hapa hapa. Wewe hangaika na hicho kitu chako."

Mtoto yule alipata dawa yake, sista alikwenda na kurudi amekunja sare magotini, akikimbia. Wodi zote siku hiyo zilikimbia. Hakuna aliyedhurika, na Mama Faili akilisema hilo anagusa kifua.

Lakini yeye hakuwa na la kufanya. Amri aliyonayo ni ya kutoa, si ya kurudisha. Na databesi nayo ilikuwa imepewa ya kutoa tu. Ikabidi amsubiri mkuu, na mkuu alikuwa njiani kutoka hospitali ile nyingine.

"Nilikaa hapa," anasema, akigonga mkono wa kiti. "Simu zinalia, nazipokea, nawaambia kimbieni. Nikajisemea, nimetaka kumwona mama yangu, nimewafumba macho mama za watu."

Mkuu akafika shati limetoka kwenye suruali. Hakupiga kelele. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, maana kiti ni kimoja. Akaingia kwa jina la mkubwa, akaanza kusoma folda moja moja kwa sauti.

"Hii?"

"Ya databesi."

"Hii?"

"Ya databesi hiyo."

"Na hii?"

"Hiyo ya Msomaji, iache. Ni majibu ya zamani, nilimpa mwenyewe."

"Una hakika?"

"Mkuu, hayo yote yamepita mikononi mwangu."

Wakaenda hivyo mpaka mafaili yote ya databesi yakarudi kwa databesi. Kabla ya adhuhuri ikasimama, skrini zikawaka, na huko wodini mtu akapiga makofi.

Mkuu akabaki amekaa juu ya ndoo.

"Uliandika wewe," akasema. "Nilipitia mimi. Wote wawili hatukuuliza, jina likija tupu itakuwaje."

Halafu akaiondolea databesi ile ruhusa. Mama Faili hakubisha. Kesho yake akarudi na sweta lake na amri yake ya mkono. Kitambaa cha meza akakiweka kwenye mfuko.

Kwa kaka yake alisema neno moja, "Bado." Kaka yake akasema, "Sawa, dada. Nitamwambia unakuja."

Aliyelifufua jambo lile ni yule sista, yeye aliyekimbia kuliko wote. Aliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi, na mlango wa ofisi ile hauzuii sauti yake, kwa hiyo korido nzima ilisikia.

"Mkuu, huyu mama akiugua kesho nitapata majibu kwa nani?"

"Nitakuja mimi."

"Ukiwa kule kwingine?"

Mkuu akaishika miwani.

"Wewe umeogopa mwizi aingie. Hujaogopa huyu mama asipokuja. Na mimi naogopa vyote viwili, lakini hicho cha pili ndicho kina homa na shinikizo la damu na mama mgonjwa."

Mkuu alifuta miwani muda mrefu siku hiyo. Lakini alipoivaa hakusema hapana.

Safari hii waliandika wawili, mabega yanagusana. Kwanza wakayahamisha mafaili ya databesi mbali kabisa na majibu, yasikae nyumba moja tena. Halafu wakatengeneza kijiprogramu kidogo cha kusimama katikati. Nguvu za mkubwa ziko kwa hicho kidogo, si kwa databesi. Databesi inaweza kukiita tu, kutoka ndani yake, na kukitajia faili moja kwa jina kamili. Kikisikia folda, kinakataa. Kikisikia jina tupu, kinakataa. Kikisikia faili lisilo la majibu, kinakataa. Mwizi akiingia, atakachoweza ni kumpelekea Msomaji majibu ambayo angeyapata hata hivyo.

Wakakijaribu kwa ujinga wote wanaoujua. Wakakitajia wodi isiyokuwepo. Hapana. Wakakitajia mafaili ya databesi yenyewe. Hapana. Wakakipa utupu. Hapana.

"Kimerithi kwako, mkuu," Mama Faili akamwambia. "Kipe na miwani."

Mkuu akacheka mpaka akashika meza. Katika miaka saba Mama Faili alikuwa hajayaona meno yake.

Wiki kadhaa sasa kijiprogramu kinafanya kazi, na siku ambazo wachanga hawana kipimo zimekuja na kupita, hakuna kilichoanguka. Mama Faili bado anakuja kukaa, mkuu alitaka hivyo mpaka wote waamini. Lakini juzi mkuu mwenyewe alimsukumia karatasi ya likizo mezani, ya mwezi mzima, ameshaweka sahihi.

Leo alfajiri anakaa na chai yake. Databesi inaandika, inamaliza. Kwenye skrini majina yanaanza kugeuka yenyewe, mstari kwa mstari, la databesi linatoka, la Msomaji linaingia. Yeye hajagusa kitu. Anaufuata mstari wa mwisho kwa macho, halafu anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya ndani ya chumba hiki. Anachukua simu, anampigia kaka yake.

"Ameamka?"

"Sasa hivi tu. Ngoja nimpe."

Kuna mikwaruzo, kikohozi, halafu sauti nyembamba, kavu, iliyojaa uhai.

"Nani?"

"Mimi, mama. Kitinda mimba wako."

"Najua ni wewe, sijawa kiziwi. Mbona unapiga alfajiri yote hii? Huna kazi?"

Mama Faili anafunika uso kwa kiganja.

"Ninayo, mama. Inakwenda."

"Unakuja lini?"

"Ijumaa napanda basi. Nakuja kukaa mwezi."

"Mwezi mzima?" Bibi anashtuka. "Umefukuzwa?"

Anacheka, machozi yanamtoka, anajifuta kwa mkono wa sweta. Wanaongea kidogo, habari za wajukuu, kila mmoja kwa jina lake. Halafu huko upande wa pili maneno yanaanza kulegea, yanakosa mwisho, na kaka yake anaichukua simu taratibu.

"Ameondoka, dada."

"Najua. Nimemsikia anavyoondoka."

Anaiweka simu mezani. Huko juu wodi zimeshaamka, vigari vya dawa vinasikika koridoni.

"Sina mpango mkubwa," anasema. "Sijui amebakiza alfajiri ngapi, na daktari wake hajui. Ninachotaka ni kila moja, mwezi huo wote, akifumbua macho anikute nimekaa pale kitandani. Asitafute. Zikiwa ni dakika tano, basi hizo tano ni zangu na yeye. Jua likipanda aniite jina lolote analotaka, nitaitika."